Kadi ya Tano

Mnara wa Coyle, Montana
12 Juni 2019

Dada Noreen,

Mimi mzima. Nina kahawa, nina maharage, na tangu Jumatatu nina theluji mlangoni, ingawa huko kwenu naamini mahindi yameshafika magotini. Mzee Brandvold amefika leo na nyumbu wake wa mizigo. Analala hapa, kesho asubuhi anashuka na barua hii. Simu haishiki huku, unajua, na redio ya mnara ni ya sisi walinzi wa msitu kutangaza moto tu. Kwa hiyo tutaandikiana kama watu wa zamani, kila Jumatano ya pili.

Kifurushi kilichokufikia kutoka Missoula ni changu. Ukitoa karatasi ya nje utakuta boksi dogo jeusi limefungwa kwa nailoni. Nailoni usiiguse! Ndani yake mna kadi tano za besiboli, na kila kadi ina sahihi ya mchezaji, kaiandika kwa mkono wake mwenyewe. Ni nani na nani, hajui mtu. Hapo ndipo utamu ulipo. Nililinunua miaka miwili iliyopita kwa dola elfu moja na mia tisa, na kabla hujaanza kupiga kelele, leo Woltz wa duka la kadi pale Fort Wayne boksi kama hili analiuza elfu mbili na mia sita, bado limefungwa. Nimelituma kwako kwa sababu panya wa mnara huu hawana adabu.

Sasa sikiliza. Tangu tumzike mama tunagombania chumba kimoja, mwaka wa nne huu. Saluni yake, kile chumba cha mbele, wewe unataka kumpangisha daktari wa meno, mimi nataka niweke duka la kadi. Tumenuniana vya kutosha. Nakupa shauri: boksi liamue. Nikishuka Oktoba tunalifungua mezani kwako. Ikitoka hata kadi moja ambayo peke yake inazidi bei niliyonunulia boksi zima, chumba cha mbele ni changu na narudi Wabash kwa kishindo. Isipotoka, chumba mpe daktari wako, kadi zangu zote nauza, na boksi sinunui tena maisha. Kuna kazi Alaska, kituo cha hali ya hewa kisiwani, mkataba wa miaka mitatu. Wanataka jibu kabla ya tarehe kumi na tano Septemba. Ikibidi nakwenda huko, sikusumbui tena.

Vipi, unaogopa?

Mdogo wako,
Delbert


Wabash, Indiana
19 Juni 2019

Delbert,

Mimi niogope? Mimi niliyekufunga kamba za viatu mpaka ukiwa darasa la pili?

Boksi limefika. Nilidhani umeniletea sabuni. Nimeliweka juu ya friji, karibu na redio, na ndiyo, nimelitikisa kwanza. Kidogo tu, usizimie. Elfu moja na mia tisa! Kwa pesa hiyo ningeezeka paa la baraza na bado ningewalisha kanisa zima nyama ya kukaanga. Umenunua kitu usichokijua, kutoka kwa watu usiowajua, ukakiweka miaka miwili bila kukitazama, halafu unaniambia utamu upo hapo. Mtu mwenye miaka hamsini!

Nimekubali. Masharti yote. Barua yako nimeitia kwenye bahasha safi na tarehe nimeandika juu, usije kuniruka baadaye. Mimi nimekaa dirisha la usajili wa magari la wilaya miaka thelathini na moja, watu wenye maneno matamu nimewaona wengi.

Daktari Pfister amekuja tena kutazama chumba, mara ya tatu sasa. Mtu mstaarabu sana, anavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Amepima kuta kwa futi kamba na akasema vioo vya mama ataviacha palepale. Nimemwambia asubiri hadi Oktoba kwa sababu ndugu yangu ameweka dau. Akauliza dau la nini. Nikamwonyesha juu ya friji. Akacheka mpaka akatoa miwani, na yeye si mtu wa kuchekacheka.

Kuhusu Alaska sina la kusema. Mtu mzima anakwenda anakotaka. Nyumba hii nimeshaizoea ilivyo, na kimya chake hakinisumbui. Vaa soksi nzito.

Noreen


Mnara wa Coyle
26 Juni 2019

Dada Noreen,

Umelitikisa! Ungemtikisa mtoto mchanga pia uone kama ana akili. Litoe juu ya friji sasa hivi, pale pana joto, liweke kwenye kabati la mashuka, mbali na jua na mbali na wewe.

Na mwambie daktari acheke polepole. Acha nikueleze mchezo huu, maana unadhani ni wa wajinga. Wachezaji waliotia sahihi katika toleo la mwaka ule ni mia na ishirini. Themanini kati yao hakuna anayewajua, labda mama zao. Thelathini si haba, unaweza kurudisha robo au nusu ya pesa yako. Kumi ni dhahabu. Kadi zako tano zinatoka humo, na hakuna mtu yeyote, hata Woltz na ujanja wake wote, anayeweza kujua ni zipi. Nimemwona mkulima wa Huntington amefungua maboksi manne juu ya kaunta ya Woltz akatoka mikono mitupu, kavaa kofia yake, kasema "haya basi," kaenda kukamua ng'ombe. Na nimemwona mwalimu wa piano amefungua moja tu, la kwanza maishani mwake, akatoa kadi iliyomnunulia piano nyingine. Alicheza pale dukani mpaka Woltz akamshikia kadi isije ikaanguka.

Utasema bahati nasibu. Sawa. Lakini tiketi ya bahati nasibu ukikosa unaitupa. Kadi ukikosa bado una maandishi ya mkono wa mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri miaka yote ya utoto wake kurusha mpira kwenye ukuta wa ghala. Mimi hilo linanigusa. Cheka ukitaka.

Nalijua boksi hili, Noreen. Nimefungua mengi, nimekosa mengi, lakini hili tangu siku nilipoliona niliambiwa na tumbo langu. Na ujue nimeshachora mahali pa kabati za vioo. Kaunta itakaa pale palipokuwa na beseni la kuoshea nywele, kwa sababu bomba limeshaziba.

Huku kumekauka mapema mwaka huu. Jana nimeripoti moshi mara mbili, wote wa radi, umezimwa. Ukipata nafasi niletee pilipili manga.

Delbert


Wabash
15 Julai 2019

Mdogo wangu Delbert, bingwa wa maboksi,

Pilipili manga imo, paketi mbili.

Nimelitoa boksi juu ya friji kama ulivyoamuru. Kabla sijaliingiza kabatini nikavaa miwani, nikaligeuza, nikasoma maandishi ya nyuma. Yale madogo kama mayai ya chawa. Wewe uliwahi kuyasoma? Usijibu, nimeshajua. Yanasema hivi, nakunakilia neno kwa neno: "Karatasi za kudai kadi zilizomo ndani zitumwe kabla ya tarehe 31 Agosti 2019. Baada ya tarehe hiyo hazitakuwa na thamani."

Sijui karatasi ya kudai kadi ni kitu gani, lakini tarehe naijua nikiiona. Nimewarudisha watu foleni miaka thelathini na moja kwa ajili ya tarehe. Wewe unashuka Oktoba, Delbert. Agosti inakuja kabla ya Oktoba, hata Montana.

Ningeweza kunyamaza. Ningeliacha kabatini mpaka ushuke, tufungue, ukute hiyo karatasi imeoza, na mimi nikunje mikono nikutazame tu. Nimefikiria kufanya hivyo kwa muda wa kikombe kizima cha kahawa. Nimeona nikushinde kihalali, ndio utamu wangu mimi.

Haya, bingwa. Nifanyeje?

Noreen


Mnara wa Coyle
24 Julai 2019

Dada Noreen,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Mzee Brandvold akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia ndiyo, umekufa ujuzi wangu.

Miaka miwili nimelala na boksi hilo chini ya kitanda Missoula. Nimelifuta vumbi. Kila mwezi nilikuwa nauliza bei yake. Nyuma sikugeuza hata siku moja, kwa sababu ukikaa sana kwenye mchezo huu unajiona umezaliwa na maandishi hayo kichwani. Cheka basi, una haki.

Karatasi yenyewe ni hivi. Wakati mwingine kampuni inatengeneza boksi kabla mchezaji hajasaini. Basi mahali pa kadi wanaweka kikaratasi: fulani atasaini, tutumie namba hii nasi tutakuletea kadi yako. Ukichelewa, imekula kwako. Katika boksi langu huenda haimo hata moja. Huenda imo moja, na huenda ndiyo yenyewe. Hatuwezi kungoja Oktoba.

Kwa hiyo utafungua wewe. Nisikilize vizuri. Nawa mikono, kausha, ngoja dakika tano. Usipake mafuta! Kahawa iwe chumba kingine. Nailoni ikate kwa kisu kidogo pembeni, usiivute kwa meno, nakujua. Kadi zishike kwa kingo tu, wino usiuguse hata kwa upepo wa mdomo. Nimeweka vifuko vya plastiki vitano kwenye kifurushi, kila kadi ivae cha kwake. Ukikuta kikaratasi, namba yake itume siku hiyohiyo.

Sihitaji shahidi. Andika tu kilichotoka na mimi nitakubali. Zikiwa takataka tano, andika takataka tano, nitafunga mizigo yangu niende Alaska. Lakini hazitakuwa. Tumbo langu linasema hivyo hata sasa.

Na asante kwa kutonyamaza.

Delbert


Wabash
9 Agosti 2019

Delbert,

Nimelifungua jana, saa nne asubuhi, baada ya kunawa mikono kama daktari wa upasuaji. Kisu nilitumia kile cha kumenyea viazi. Meno sikutumia, japo nilifikiria.

Nakutajia moja moja. Ya kwanza: Clay Hostetter, mrushaji. Ya pili: Jun Aragaki, sahihi nzuri sana, ningependa awe anaandika kadi zetu za Krismasi. Ya tatu: Bo Lindqvist. Ya nne: Marcus Tewell, ambaye sahihi yake ni mstari mmoja na nukta, huyo alikuwa ana haraka ya kwenda kula.

Ya tano nimeitazama mara mbili. Dario Quintanar. Yule wa Cincinnati aliyepiga mipira mitatu nje ya uwanja juzi, hata mimi namjua, uso wake ulikuwa ukurasa mzima wa gazeti. Ameandika jina lake lote kwa wino wa buluu. Bei yake unaijua mwenyewe kuliko mimi, lakini nadhani inapita elfu moja na mia tisa bila jasho.

Basi umeshinda. Usinisimange sana, mimi ni mtu mzima. Chumba cha mbele ni chako. Daktari Pfister nitamwambia, ataelewa, anasema kuna nafasi nyingine karibu na benki.

Andikia watu wa Alaska mapema uwaambie hapana. Si vizuri kuwaweka watu roho juu.

Noreen


Mnara wa Coyle
21 Agosti 2019

Dada Noreen,

Barua fupi, moshi umetanda upande wa magharibi na nipo redioni tangu alfajiri. Usiogope, mto uko kati yangu na moto.

Yako nimeisoma mara nne. Quintanar! Nina maswali mawili tu, ya kitaalamu. Sahihi yake iko upande gani wa kadi? Na kikaratasi chochote hakikuwamo? Tazama vizuri ndani ya boksi, wakati mwingine hunasa pembeni.

Alaska bado sijawajibu.

Delbert


Wabash
28 Agosti 2019

Delbert,

Redio ya hapa imetaja moto wa Montana siku tatu mfululizo, na wewe unaniuliza upande wa kadi. Mto uko kati yenu! Cheche haziwezi kuruka mto, siyo? Una akili kweli?

Haya, bwana mtaalamu. Sahihi iko chini, kulia, inapanda kidogo kuelekea kwenye kofia yake. Herufi ya kwanza ya ukoo, ile Q, ameipiga kubwa na mkia mrefu unaopita chini ya jina lote. Pembeni ameongeza namba ya jezi yake. Wino wa buluu iliyoiva, hauna doa. Nimeitia kwenye kifuko, kifuko nimekitia kwenye bahasha, na bahasha nimeipeleka benki, kwa hiyo usiniambie nikuletee picha. Kikaratasi hakikuwamo. Nimetazama na tochi. Hakuna karatasi ya aina yoyote, kwa hiyo ile tarehe iliyotuogopesha haikuwa na maana.

Nimeshazungumza na Daktari Pfister. Amesikitika, lakini kavaa viatu vyake kaondoka vizuri tu. Nimechungulia chumba cha mbele, kinataka rangi. Wewe unataka rangi gani kwa duka la kadi? Mimi nilikuwa nafikiria ile ya krimu, isiyokuwa na makuu.

Umewaandikia Alaska? Tarehe kumi na tano imekaribia na barua zako zinatembea kwa miguu ya nyumbu. Si kwamba nakuharakisha. Nakukumbusha tu, kwa sababu wewe na tarehe ndivyo mlivyo.

Niandikie kuhusu huo moto.

Noreen


Mnara wa Coyle
4 Septemba 2019

Dada yangu Noreen,

Moto umegeuka. Mvua ilinyesha Jumapili na upepo ukaurudisha nyuma ulikotoka. Mimi mzima, ila nywele zinanuka kama soseji.

Sasa tuzungumze. Kadi hiyo haipo. Sisemi imepotea au ni ya bandia, nasema haipo duniani, haikuwahi kuwapo. Machi ya mwaka ule Quintanar alivunjika mkono wa kulia, na ni mkono huo anaoandikia. Kampuni haikupata kwake hata sahihi moja ya toleo lile. Kila boksi lililokuwa na bahati yake liliwekwa kikaratasi, na waliotuma vikaratasi mwishowe wakaletewa kadi za wachezaji wengine, maana jamaa alikataa kabisa kukaa kusaini kadi elfu nzima kwa mkono uliotoka kwenye plasta. Kila mtu wa mchezo huu analijua hilo. Tulilalamika mwaka mzima, Woltz alibandika tangazo mlangoni kuomba tusimtukane yeye. Ungesema umepata kikaratasi cha Quintanar, ningekuamini.

Kwa barua yako ya kwanza nilijisemea, amechanganya majina. Ndiyo maana nikauliza upande. Barua ya pili imenimaliza. Mkia wa Q! Namba ya jezi! Na benki juu yake! Wewe uliyemwambia mchungaji mbele ya washirika wote kwamba mahubiri yake yalikuwa marefu na hayakuwa na kitu ndani.

Nikajiuliza, huyu anadanganya apate nini? Akisema kweli anapata chumba, anapata daktari wake anayevua viatu, anapata kunicheka mpaka tuzeeke. Akidanganya anavipoteza vyote hivyo. Anachopata ni kimoja tu, naye hajakitaja katika barua hata moja. Nikakaa kwenye ngazi ya mnara nikalia, Noreen. Nililia kweli, kwa sauti. Mzee Brandvold alijitia kukagua kwato za nyumbu, na nyumbu mwenyewe alikuwa mmoja, zile kwato alizikagua nusu saa.

Na mimi nikuambie langu. Kazi ya Alaska ni ya kweli, fomu ninayo hapa mezani. Lakini kwenye dau niliitia ili nikutishe. Nilitaka uandike "usiende," neno moja tu. Ukaniandikia nivae soksi nzito. Miaka minne nimekaa milimani nikingoja unikaribishe kwenye nyumba ambayo na mimi nilizaliwa humo, na nikaona heri boksi linikaribishe kuliko nikuombe. Sijui kwa nini tuko hivi. Mama alikuwa hivi.

Nimeshindwa. Nakiri kwa mwandiko wangu: sikupata kadi hata moja ya maana, boksi langu lilikuwa takataka, na tumbo langu halijui lolote. Chumba mpe daktari, mkimbilie kabla hajasaini kule benki. Kadi zangu nitamuuzia Woltz. Boksi sinunui tena, na hilo litaniuma, usidhani ni utani.

Alaska nimewaandikia leo kwamba siendi. Barua hiyo na hii ziko mfuko mmoja. Nashuka tarehe moja Oktoba, na nitafika Wabash tarehe tano, jioni, kama pikapu haitanigomea. Sina duka, sina kazi ya kueleweka, sina dau lililonileta. Narudi nyumbani tu.

Utanipokea?

Delbert


Wabash
12 Septemba 2019

Delbert,

Uongo wangu wa kwanza katika miaka hamsini na tisa, na nimekamatwa na mkono uliovunjika wa mtu ninayemjua kwa gazeti tu. Ningemuuliza Woltz nani alisaini na nani hakusaini, lakini niliogopa asije akakuandikia. Gazeti lilikuwa mezani, nikachukua uso uliokuwa mkubwa kuliko zote.

Wa tano anaitwa Orville Stemple. Woltz anasema siku hizi anauza matairi Nebraska. Ndiyo, barua yako ilipofika nilizipeleka kwake. Zote tano, dola kumi na moja. Akanipa na kikombe cha kahawa, nadhani alinihurumia.

Ujue nilipozitoa nilifurahi. Sitakuficha tena kitu, nilirukaruka pale jikoni mpaka vikombe vikalia. Nikasema nimempata! Nikachukua kalamu, nikaandika tarehe, nikaandika jina lako, nikaandika "takataka tano" kama ulivyotaka. Halafu nikakifikiria hicho kisiwa. Miaka mitatu, Delbert. Tayari kulikuwa na minne. Nikahesabu umri wangu juu yake, kalamu ikakataa. Nimekaa hapo mpaka kahawa ya chumba kingine ikapoa, nikachana ile karatasi, nikaanza upya na huyo Quintanar wako.

Usiende. Haya, nimeandika. Ungeniambia mapema kwamba ni neno moja tu, tungeokoa elfu moja na mia tisa.

Ama kuhusu chumba, umekiri kwa mwandiko wako mwenyewe, na barua nimeitia bahasha. Nimeshinda. Nilimkimbilia Daktari Pfister nikamkuta benki, kalamu mkononi. Anahamia tarehe moja Novemba, na anatafuta mtu wa kukipaka rangi kwa malipo. Nimemtajia jina lako.

Chumba chako cha juu nimeshakitoa masanduku na mapazia nimefua. Kitanda ni kilekile, miguu itatokeza nje. Tarehe tano nitapika saa kumi na mbili, na sitakusubiri zaidi ya saa moja.

Si kweli. Nitakusubiri.

Dada yako,
Noreen